Ndege ya kujijengea: badala ya kushangilia inaporuka, tuulizie daftari lake

Haupiti mwaka hapa Kenya bila ya video ya kijana aliyejijengea ndege. Mara nyingi ni uwanja wa shule au shamba lililovunwa, watu wamejaa, injini ya pikipiki au ya gari kuukuu inanguruma, na kile chombo kinakimbia juu ya nyasi. Wakati mwingine kinanyanyuka futi chache, wakati mwingine hakinyanyuki kabisa. Yule mtaalamu wa kompyuta wa Nyeri aliyeandikwa na magazeti ya dunia zaidi ya miaka kumi iliyopita alijenga ya kwanza, ikakataa kuruka, akajenga nyingine. Kila ikitoka habari kama hiyo, mitandao hugawanyika makundi mawili. Kundi moja husema serikali inaua vipaji, hata Wazungu walianza hivi hivi. La pili husema huyo kijana anatafuta kaburi lake, akamatwe.

Mimi siko katika kundi lolote kati ya hayo. Nina diploma ya uhandisi wa mitambo, nimekula jasho la karakana na mashini za boti zaidi ya miaka ishirini, na nijualo ni kwamba makundi yote mawili yanaitazama siku moja tu, siku ya kuruka. Swali langu ni la baada ya hapo. Ikiruka, nani ataitunza mwaka wa tatu? Akiiuza, aliyeinunua atajuaje ni nini kilichofanywa ndani ya yale mabawa?

Hili si jambo la wapenda michezo peke yao. Sisi Pwani tunaishi chini ya ndege ndogo. Malindi, Ukunda, Manda, Vipingo, zote hizo zina viwanja, na miji imesogea mpaka kwenye ua wa viwanja hivyo. Januari 2025 ndege ndogo ilianguka Kwachocha, Malindi, kando ya barabara kuu ya Mombasa, na watu watatu waliokuwa zao chini wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu. Ile haikuwa ndege ya kujengwa nyumbani, nasema wazi ili nisieleweke vibaya. Lakini ilitufundisha kwamba anayelipa si lazima awe ni yule aliyekaa kwenye kiti cha rubani. Kwa hiyo anaponiambia mtu kwamba mjenzi akifa ni shauri lake mwenyewe, simkubalii.

Nchi yenye ndege nyingi zaidi za kujijengea ni Marekani. Huko sheria inamruhusu raia wa kawaida kujenga ndege gerejini mwake mradi zaidi ya nusu ya kazi aifanye mwenyewe, kwa kujifunza au kwa kujifurahisha, si kwa biashara. Ikikamilika, mkaguzi anaitazama na kuipa cheti cha ndege ya majaribio, na neno hilo la majaribio lazima liandikwe kwa herufi kubwa mahali ambapo abiria ataliona anapoingia. Halafu inafungiwa. Kwa saa 25, au 40 ikiwa injini na rafadha yake si za aina iliyothibitishwa, haitoki nje ya eneo iliyopangiwa, eneo lenye makazi machache ya watu, na haibebi abiria wa kutembea. Saa arobaini si mchezo. Mtu anayeruka Jumamosi na Jumapili tu, saa moja moja, atamaliza miezi mitano.

Na bado wanaanguka. Mwaka 2012 bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, NTSB, ilitoa utafiti mzima kuhusu ndege hizi. Ilikuta kwamba ni karibu asilimia 10 ya ndege ndogo zote za nchi ile, lakini katika mwaka 2011 zilihusika na takriban asilimia 15 ya ajali na asilimia 21 ya ajali zilizoua. Sababu zilizoongoza ni injini kushindwa na rubani kupoteza udhibiti akiwa hewani. Lakini kilichonishika mimi ni kingine. Zaidi ya nusu ya ndege zilizopata ajali hazikuwa mikononi mwa waliozijenga. Zilikuwa zimenunuliwa zikiwa zimeshatumika. Na ajali 14 za mwaka ule zilitokea siku ya kwanza kabisa mwenye ndege mpya alipoirusha.

Msomaji, rudia hiyo sentensi ya mwisho. Ndege ilikuwa imeshajengwa, imeshapita majaribio, imeshatembea angani kwa miaka. Ilikuwa salama kwa mikono ya aliyeijenga, kwa sababu yeye anajua kwamba koki ile ni ngumu kidogo, kwamba kipimo cha mafuta kinadanganya robo ya mwisho, kwamba ukitua usivute haraka. Elimu hiyo iko kichwani mwake, na kichwa hakiuzwi pamoja na ndege.

Mfano wa haya unajulikana dunia nzima, ingawa wengi wanamkumbuka marehemu kwa nyimbo tu. John Denver, mwimbaji wa Marekani, alikufa tarehe 12 Oktoba 1997 katika ghuba ya Monterey, California, akirusha ndege ya kujijengea aina ya Long-EZ. Hakuijenga yeye. Ilijengwa na mtu mwingine huko Texas, yeye akainunua ikiwa imetumika, na alikuwa nayo kwa muda wa siku moja au mbili tu. Wala hakuwa mwanagenzi, maana alikuwa na zaidi ya saa 2,700 za urubani.

Katika michoro ya mbunifu wa ndege ile, koki ya kuchagua tangi la mafuta, la kushoto au la kulia, inakaa mbele, baina ya miguu ya rubani. Aliyeijenga hii hakutaka mabomba ya mafuta yapite ndani anapokaa mtu, akaihamishia koki nyuma ya bega la kushoto la rubani. Fikira yake haikuwa ya kijinga. Mafuta mbali na mtu ni jambo zuri. Lakini koki haikuandikwa ni upande gani ni upi, na ili kuizungusha rubani alilazimika kuachia usukani, kujipinda kiwiliwili, na kuufikisha mkono wa kulia nyuma ya bega la kushoto. Vioo vya kuonyesha mafuta navyo vilikuwa nyuma, havina alama. Kabla ya safari fundi wa pale uwanjani alizungumza naye kuhusu ugumu wa ile koki, wakajaribu hata kuirefusha mkono kwa koleo ya kubana, isifae. Akapewa kioo kidogo cha mkononi aweze kuona kiwango cha mafuta bila kugeuka. Akaulizwa kama aongezewe mafuta, akasema hapana, anaruka kwa saa moja hivi.

Wachunguzi walihitimisha kwamba alipokuwa akijipinda kuifikia koki, mguu wake wa kulia ulikanyaga pedali bila kukusudia, ndege ikageuka na kupiga bahari. Hawakuishia kwake. Walitaja kutopanga mafuta, walitaja mafunzo haba ya kuijua ndege ile, na walimtaja mjenzi kwa kuiweka koki mahali pagumu bila maandishi. Uamuzi mmoja uliofanywa ndani ya gereji miaka mingi nyuma, na mtu ambaye pengine hakuwaza kwamba siku moja ataiuza.

Sasa turudi kwetu. Mtu wa Pwani anaweza kuyaelewa haya upesi kuliko mtu wa bara, kwa sababu tuna vyombo vya kujijengea tangu mababu. Fundi wa jahazi wa Lamu au Matondoni hana ramani ya karatasi, anakwenda kwa jicho na kamba, na chombo chake kinavuka kusi na kaskazi. Wapo wanaonukuu hilo kusema kwamba ndege nayo inaweza kujengwa kwa jicho. Wanasahau nusu ya habari. Jahazi haliachwi. Linapandishwa pwani, linachomwa moto wa makuti kuua mdudu wa mbao, linatiwa kalafati upya, linapakwa shahamu na chokaa chini na mafuta ya sifa juu, na hilo ni kila baada ya miezi, si mtu akijisikia. Nahodha akimuuzia mwenziwe chombo, wanakaa chini kutwa nzima kuambiana pale panapovuja. Na likizama, Mungu apishe mbali, kuna mbao ya kushika. Juu angani hakuna mbao ya kushika.

Tena pwani yetu ina maadui ambao kijana aliyejifunzia ndege mtandaoni huenda hakuwahi kuwasikia, kwa kuwa video anazozitazama zimepigwa nchi kavu za baridi. La kwanza ni chumvi. Bati la aluminiamu linalokaa kilomita mbili kutoka baharini huanza kuota unga mweupe, na hauanzi pale unapoona, unaanza chini ya ribiti na kwenye maungio, ndani ya bawa. Pale chuma cha bolti kinapogusana na aluminiamu penye chumvi ndipo panapoliwa haraka zaidi. Ndege ya pwani inaoshwa kwa maji matamu, na inakaguliwa ndani kwa tochi na kioo.

La pili hushangaza watu. Injini yenye kabureta inaweza kuganda barafu hapa Mombasa, jua likiwaka. Hewa ikipita kwenye mdomo mwembamba wa kabureta hupoa sana, petroli inapogeuka mvuke huipoza zaidi, na hewa yetu imejaa unyevu. Nje inaweza kuwa nyuzi 30 na ndani ya kabureta barafu inajengeka, injini inapungua nguvu polepole halafu inanyamaza. Barafu ikayeyuka, na wachunguzi wasikute kitu. Ndiyo maana mfumo wa kupeleka hewa moto kwenye kabureta si pambo, na rubani lazima autumie kabla ya kupunguza mwendo, si baada.

La tatu ni nyigu. Kimrija kinachopima mwendo wa ndege ni kidogo kama kalamu, na nyigu wa tope hukipenda kwa nyumba. Ndege ikilala siku tatu bila kifuniko, mwendo utakaousoma hewani si mwendo wako.

Mipira nayo. Kampuni ya Rotax, ambayo injini zake ndizo zimeenea katika ndege nyingi ndogo za aina hii, inataka mipira ya mafuta, ya maji na ya oili ibadilishwe kila miaka mitano hata kama injini haikuwashwa sana. Kwenye boti nimeona watu wakienda na mpira mmoja miaka kumi, wakiukata pale ulipopasuka na kuusogeza. Boti ikizima unatia nanga ukapiga simu.

Na kazi yenyewe ya spana ina adabu zake. Bolti ya ndege inakazwa kwa kipimo cha spana ya kupimia, si kwa ubavu, kisha inapigwa mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma, ili siku ikisogea hata nywele moja jicho lione. Nati yenye plastiki ndani haiwekwi mahali ambapo bolti inazunguka. Hapo inatakiwa nati ya meno na pini. Bomba la mafuta linapimwa ndege ikiwa imeinuliwa pua kama inayopanda: mafuta yanayoshuka yenyewe kutoka tangini lazima yafike mara moja na nusu ya yale injini inayokunywa ikiwa na nguvu zote. Na kila baada ya kugusa nyaya za usukani, mtu wa pili, si yule aliyezifunga, anapeleka usukani kushoto na kutazama kama kile kipande cha nyuma ya bawa la kushoto kinapanda juu. Kimeshuka? Basi nyaya zimegeuzwa, na safari hiyo ingekuwa ya sekunde chache. Mafundi wakubwa wa mashirika makubwa wamewahi kuzigeuza. Hii si habari ya kusoma au kutosoma. Macho ya mtu mmoja huona kile alichokusudia kufanya, hayaoni alichokifanya.

Hapo ndipo linapoingia daftari. Nchini Marekani ndege hizi zinakaguliwa kila miezi 12. Mjenzi anaweza kupewa cheti cha kuikagua ile aliyoijenga yeye, ile moja tu. Akishaiuza, cheti hakihami. Mnunuzi anatakiwa amtafute fundi mwenye leseni kwa ukaguzi wa mwaka. Naiona ni busara, lakini ina tundu kubwa: matengenezo ya kila siku yanaweza kufanywa na yeyote. Kwa hiyo kilichobaki kumlinda mnunuzi ni maandishi. Bila daftari lenye tarehe, saa za injini, kilichobadilishwa na jina la aliyebadilisha, mnunuzi ananunua kitendawili chenye mabawa.

Waingereza wamekwenda njia nyingine na mimi, nikiulizwa, ningeichukua hiyo. Kuna chama cha wenye ndege ndogo, LAA, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1946. Mamlaka ya anga ya huko imekikabidhi kazi ya kusimamia wajenzi. Chama kina wakaguzi wake walioenea mikoani, na mkaguzi haji mwisho peke yake. Anakuja bawa likiwa bado wazi, akatia sahihi ndipo lifunikwe. Anakuja injini ikifungwa. Na kila mwaka kibali kinahuishwa baada ya ukaguzi na kurushwa kwa majaribio. Serikali haikulazimika kuajiri jeshi la maafisa, na mjenzi hakuachwa peke yake na mtandao.

Afrika pia tuna mfano, ulio na furaha na machungu pamoja. Mwaka 2019 vijana wa Afrika Kusini wapatao 20, wengi wao wakiwa hawajawahi kushika bunduki ya ribiti, waliunganisha ndege ya viti vinne aina ya Sling kutoka vipande vilivyotengenezwa kiwandani kwao, na wenzao wenye leseni wakairusha kutoka Cape Town mpaka Cairo, wakipitia hata Zanzibar. Kwenye injini na vifaa vya umeme waliita wataalamu. Sioni aibu hapo, naona akili. Lakini katika safari ileile, Julai 2019, ndege nyingine iliyokuwa ikiwasindikiza ilianguka Tanzania na marubani wawili wakafariki, mmoja akiwa baba wa binti aliyeanzisha mradi. Siutaji msiba huo kuwatia watu hofu. Nautaja kwa sababu ukisimulia nusu ya kwanza tu kwa vijana wetu, umewadanganya.

Kwetu Kenya sheria iko wazi kwamba hakuna chombo kinachoruka bila kusajiliwa na kupata cheti cha mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA. Vizuri. Lakini kijana wa Msambweni au Mpeketoni anayeunganisha paipu nyuma ya nyumba ya mamake hamjui mtu wa KCAA. Anaogopa. Anajua kwamba akijitokeza jibu la kwanza litakuwa hapana, kwa hivyo anajificha mpaka siku ya video, na siku ya video mambo yameshapita: bawa limeshafunikwa, hakuna awezaye kusema ndani mna nini, na afisa mwenye akili timamu hawezi kutia sahihi kitu asichokiona. Halafu tunasema afisa ameua kipaji. Kipaji kiliuawa miezi minane nyuma, pale ambapo hakukuwa na mtu wa kuja kutazama.

Najua kuna hoja ya kunijibu. Watasema mamlaka ina kazi ya ndege za abiria, na fedha za umma zisiende kwa hobi ya watu wachache. Hoja ina uzito, na mimi mwenyewe ningetaka wakaguzi wa ndege za abiria waongezwe kabla ya yote. Lakini ndiyo maana nasema tuige wa Uingereza. Tuna Aero Club of East Africa pale Wilson, Nairobi, iliyoanza 1927. Tuna mafundi wa ndege waliostaafu Mombasa na Malindi wanaokaa baraza wakinywa kahawa, leseni zao ziko kabatini. Tuna vyuo vya ufundi kila kaunti vyenye karakana, mashini za kuchomea na mizani. Wapewe mafunzo na muhuri, wasimamiwe na KCAA, na mjenzi alipe ada yake kila hatua. Asiyekuwa na ada ya mkaguzi hana pesa za kuimiliki ndege, tusidanganyane.

Majaribio nayo yasifanywe Malindi wala Ukunda. Kuna nyika kubwa kuelekea Tana River yenye nyumba chache, ipangwe sehemu, na wafugaji waarifiwe. Na kwenye uuzaji ningeweka sharti kali kuliko la Wamarekani: ndege ya kujijengea isihamishwe jina mpaka mnunuzi arushwe nayo na mtu anayeijua kwa saa kadhaa zilizoandikwa, na koki, swichi na vipimo vyote viwe vina maandishi ambayo mgeni anaweza kuyasoma akiwa amefungwa mkanda.

Hadi hayo yatakapokuja, inshallah, yupo kijana sasa hivi ambaye bawa lake liko wazi juu ya meza. Kijana wangu, usilifunike bado. Lipige picha kila ubavu na kila ribiti, uandike tarehe. Weka risiti za bolti, na zile za bolti ambazo ulizitupa pia, na sababu. Mtafute fundi wa ndege yeyote mwenye leseni, hata kama ni kumfuata Moi International mlangoni akitoka zamu, umuombe aje aangalie Jumapili moja. Halafu iandikie KCAA barua, na nakala ubaki nayo. Wakikujibu vibaya, niletee nakala hiyo niichapishe hapa.